Gari la Maalim Halimpiti Mtu

Kutoka Tseikuru hadi ufike lami kuna vumbi, kuna mbuzi, na kuna watu waliosimama. Ukimuuliza mmoja wao anangoja nini, hatakwambia anangoja gari. Atakwambia anangoja gari la Maalim, kana kwamba mengine yanayopita pale ni upepo tu.

Gari lenyewe usilione ukalicheka. Ni pikapu ya zamani, iliyonunuliwa nyeupe na sasa ina rangi ya njia. Nyuma ina vyuma vya kuzuia mbuzi, na mlango wa abiria hufunguka ukiupiga kofi mahali fulani ambapo wenyeji wote wanapajua. Maalim, mchuuzi wa mifugo ambaye jamaa zake walihamia huku kutoka upande wa Garissa, alikuwa na sheria moja tu ya barabarani, na hakuisoma katika kitabu chochote. Gari lake halimpiti mtu. Likiwa na nafasi, unapanda. Likiwa limejaa hadi mbuzi wamekalia mbuzi, bado Maalim anasimama, anateremsha kioo na kukwambia, "Leo nimejaa, nisamehe." Unabaki pale pale ulipokuwa, lakini unabaki ukiwa mtu.

Sheria hiyo ilitokana na ugonjwa. Ujanani, akiswaga mbuzi wa watu kwenda soko la mbali, Maalim alishikwa na homa akalala kando ya barabara, akipunga kila alipopata nguvu ya kuinua mkono. Lori la kijani likampita, na dereva wake alimtazama usoni. Waliomwokota baadaye amekwisha kuwasahau, lakini lile lori hajalisahau, na mpaka leo akiambiwa kuna kitu cha kijani chenye magurudumu hukunja uso. Watoto wake wameisikia habari hiyo hadi wanaweza kumsimulia yeye mwenyewe. Na kila alipotoka sokoni, kabla hata ya kunawa, aliwataja watu aliowabeba siku hiyo, nani anaumwa, nani ameozesha binti, nani amechimba kisima kikatoka chumvi.

Kisha macho yakamsaliti. Yalianza kama moshi, akadhani ni vumbi. Siku alipoligonga lango lake mwenyewe mchana kweupe, alitoa ufunguo bila kubishana na mtu. Akaajiriwa dereva, kijana mmoja aitwaye Nzioka, mwenye mkono mwepesi na jicho lisiloondoka kwenye saa. Nzioka alifika sokoni mapema kuliko wachuuzi wote, na alifika mapema kwa sababu hakumsimamia mtu.

Habari zikaanza kurudi nyumbani. Aliyezileta mbele za watu alikuwa susu Syombua. Susu kwa Kikamba ni nyanya, yaani bibi, na mama huyu anayekaa kando ya barabara ile, mwenye leso ya maua mekundu isiyombanduka, ni susu wa kila mtu, Mkamba na Msomali. Maalim alikuwa amembeba miaka na mikaka, yeye na maharagwe yake na wajukuu wake. Siku hiyo aliingia katika duka dogo la Maalim, akaegemea fimbo yake, akasema kwa sauti ya kusikika hadi nje:

"Maalim, gari yako ilinipita jana. Nikapunga, nikapunga, leso ikachoka. Nikasema labda Maalim amekufa na mimi sijaambiwa."

Waliokuwa dukani wakacheka. Maalim hakucheka. Aliomba msamaha kama mtu aliyefumaniwa na mbuzi wa mwenzake, mikono yake ikipapasa kaunta kutafuta kitu cha kushika. Mwanawe wa kwanza, Abdiqani, aliyekuwa akipima sukari pembeni, aliiona ile mikono, na sukari ikamwagika. Alikuwa ndio kwanza ametimiza miaka kumi na minane.

"Aabo," alimwambia babake jioni hiyo, "nipe nafasi niende nikachukue leseni. Gari nitaendesha mimi."

Tazama alivyosema. Nikachukue. Hakusema nikajifunze. Na kwa kweli alikuwa akiendesha ile pikapu tangu miguu yake ilipofika kwenye klachi, porini, kati ya kisima na boma, mahali ambapo askari wa trafiki hajawahi kuonekana hata kwa kupotea njia. Kilichomzuia ni lami na vizuizi vyake. Kwa hiyo alikwenda Mwingi, akafikia kwa mjomba wake, akajiandikisha katika shule ya udereva, akapewa leseni ya mwanafunzi. Alikwenda kama mtu anayefuata kofia aliyoisahau.

Shule haikumpa gari. Ilimpa meza. Ilikuwa meza pana iliyochorwa mji mzima, wenye barabara, taa, vivuko na raundabauti, na juu yake vigari vya kuchezea ambavyo wanafunzi husukuma kwa vidole huku wakieleza wanachofanya. Wenyewe huiita bodi, na bila kuipita bodi hupewi leseni hata ukiwa unaendesha treni. Abdiqani aliitazama kwa dharau isiyofichika.

"Na mbuzi wako wapi hapa?" aliuliza.

Darasa likaangua kicheko. Yeye alidhani wanacheka naye.

Aliyemwonyesha kilichokuwa kinachekwa ni msichana mmoja aitwaye Kanini, wa rika lake, aliyetoka kule juu Nunguni na kukaa Mwingi kwa shangazi yake, mke wa pasta. Kanini hakuwahi kugusa usukani maishani, lakini alikisukuma kigari chake kwenye raundabauti akitamka, "Naangalia kulia, natoa nafasi kwa aliye ndani, naingia," sawasawa na mtoto anayesema mstari wa kukariri Jumapili. Zamu ya Abdiqani ilipofika, aliizunguka raundabauti kinyume. Tseikuru haina raundabauti, wala hakuna aliyewahi kuona haja yake.

Kwenye gari lenyewe alilipiza. Wenzake waliruka kama vyura, yeye akateleza. Mwalimu wao, Mulwa, mtu wa maneno machache na chai nyingi, alimtazama kwa muda, akamwambia, "Wewe gari unaijua. Barabara bado." Abdiqani alisikia nusu ya kwanza, akapiga simu nyumbani kuisimulia.

Siku ya mtihani ikafika. Mtahini alikuwa mtu mzima mnene, mwenye sare, viatu vilivyong'aa na sura isiyosema kitu. Kwenye bodi Abdiqani alipenya, kwa jasho. Kisha wakaingizwa kwenye gari la shule lenye herufi L nyekundu mbele na nyuma, mtahini kiti cha mbele, wanafunzi wamejazana nyuma wakingoja zamu. Kanini alizima injini mlimani, akaizima tena, msichana aliyezaliwa kwenye vilima vitupu. Akashuka kwenye usukani akilia bila sauti. Abdiqani akashika nafasi yake akijisikia mwanamume.

Aliendesha vizuri. Hilo nalisema kwa haki yake, aliendesha vizuri sana. Gia ziliingia kama kisu kwenye papai. Wakakata kona ya darajani, na mara tu baada ya kona, ndipo alipomwona mzee mmoja kando ya barabara, kuku kwapani, mkono mwingine umeinuliwa.

Hakuwaza. Mguu ulikwenda wenyewe. Aliwasha indiketa, akasimama, akavuta breki ya mkono, akainama kumtazama mzee dirishani na kusema kwa adabu zote za kwao, "Panda, mzee."

Mzee akafungua mlango wa mbele, na kwa kuwa alihitaji mikono miwili kupanda, alimkabidhi kuku kwa mtu wa kwanza aliyemkuta. Mtahini akajikuta amempakata kuku.

Nyuma ya gari kulilipuka. Kanini mwenyewe, machozi hayajakauka, alicheka hadi akashika mbavu. Honi ikalia mahali fulani, ndefu, ya hasira. Mtahini alikuwa akisema jambo, anaonyesha nyuma kwa mkono, na kuku naye kwenye mkono huohuo anapiga mabawa, lakini Abdiqani hakusikia. Damu ilikuwa imempanda masikioni. Alichosikia ni neno moja la mwisho: "Shuka."

Mzee, alipoona sare, alichukua kuku wake akarudi kando ya barabara bila kuaga. Na mwishoni, mtahini alipowaita wanafunzi mmoja mmoja kuwaeleza makosa yao, Abdiqani hakungoja jina lake liitwe. Alijua kosa lake. Darasa zima lililijua. Alitembea kwa miguu hadi kwa mjomba wake, akifuata vichochoro asikutane na mtu, na aibu ikamfuata kichochoro kwa kichochoro.

Habari zilifika Tseikuru kabla yake. Alipoteremka na begi lake, vijana wa stendi walimpigia kelele, "Dereva wa kuku!" Dadake mdogo, Hani, alimpokea mlangoni kwa kutetea kama kuku anayetaga, hadi mama yao akamtupia ndala. Abdiqani aliinamisha kichwa akaenda kumwamkia babake, akitarajia karipio. Karipio angelivumilia.

Maalim aliyageuza macho yake yenye ukungu upande ilikotoka sauti ya mwanawe.

"Yule mzee," akauliza, "alifika alikokuwa akienda?"

"Sijui, aabo."

"Hukuuliza?"

Abdiqani aliinuka. Laiti angelifahamu kwamba babake alikuwa akiuliza tu alichokuwa akiuliza siku zote! Lakini mtu mwenye aibu husikia dhihaka hata kwenye salamu. Alitoka nje akajiapia. Siku ya pili hatasimama. Hata akipungiwa na malaika, hatasimama.

Alirudi Mwingi akiwa mnyenyekevu kwenye bodi na mwenye kinyongo kwingineko. Mulwa alimuuliza, "Uliambiwa kwa nini ulianguka?"

"Najua kwa nini, mwalimu."

"Uliambiwa?"

"Niliona mwenyewe."

"Enda umuulize mtahini. Yeye hang'ati."

"Sina haja," Abdiqani akasema, na masikio yakamwaka upya kwa kukumbuka tu. Mulwa akainua mabega, akarudi kwenye chai yake.

Siku ya mtihani wa pili ilikuwa ya joto kali. Kuna jambo moja hutokea Mwingi siku kama hiyo. Bodaboda hupotea. Vijana wengi wanaoziendesha hawana leseni, na wakisikia watahini na askari wametapakaa mjini, pikipiki zote huingia vichakani na uani kwa watu hadi hatari ipite. Ukiugua siku ya mtihani, utatembea. Watu hulicheka sana jambo hili, na hata Abdiqani asubuhi hiyo alilicheka.

Mtahini alikuwa yule yule, na viatu ni vile vile. Kama alimkumbuka Abdiqani, hakuonyesha. Bodi ilipita salama, raundabauti ikazungukwa inavyopaswa kuzungukwa. Wakaingia garini, Kanini nyuma tena, anasali midomo ikichezacheza.

"Wewe, anza," mtahini akamwambia Abdiqani.

Alianza. Walipita darajani, wakapita kona, wakatokea kwenye sehemu iliyonyooka, yenye ukingo mpana wa changarawe pande zote mbili, hakuna gari mbele wala nyuma. Na kule mbele kulikuwa na mtu anapunga.

Aliitambua leso kabla ya kumtambua mtu. Leso ya maua mekundu, ile iliyochoka kupunga. Susu Syombua alikuwa kwa binti yake aliyeolewa upande huo, hilo Abdiqani alilijua baadaye. Alichokiona wakati ule ni mama mzee aliyefunga mtoto mgongoni, kichwa cha mtoto kimelala upande, kinatikisika kila anapopunga. Na hakuwa akipunga kwa kuomba lifti. Alikuwa akipunga kwa mkono mzima, kutoka begani.

Mguu wa Abdiqani uliinuka kwenye mafuta. Niseme hivyo kwa haki yake pia. Uliinuka. Kisha akasikia kicheko cha nyuma ya gari ambacho hakikuwepo, na vijana wa stendi, na Hani anatetea mlangoni, akaurudisha.

Wakakaribia. Susu Syombua alikaza macho kwenye kioo, akaona ni nani aliyeshika usukani, na uso wake wote ukalegea. Alitabasamu. Aliacha kupunga, akaiteremsha leso, akainama kuokota kikapu chake miguuni ili asimcheleweshe mtu. Ameshafika. Huyu ni wa Maalim.

Abdiqani alitazama kioo cha ndani, akatazama kioo cha pembeni, akawasha indiketa ya kulia, akampisha kwa nafasi pana kama bodi inavyofundisha. Akampita.

Hakutazama nyuma. Hata hivyo kioo kilimwonyesha. Amesimama na kikapu mkononi.

Mtahini aliinamia karatasi yake. Aliandika kidogo. Mbele kidogo akamwambia aegeshe, Abdiqani akaegesha, magurudumu sambamba na ukingo, breki ya mkono, gia huru.

"Umepita," mtahini akasema.

Furaha ikampanda kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kuku akavuta pumzi hadi chini. Ilidumu muda wa mtahini kugeuza shingo.

"Badilishaneni. Wewe dada, kuja mbele. Geuza gari, urudi pale kwa yule mama."

Kanini akashika usukani, akageuza kwa hatua zote za kitabu, akarudi. Alisimama kwenye changarawe, mbali na lami, taratibu kabisa. Na mtahini, na unene wake wote, aliteremka mwenyewe, akampokea susu kikapu, akamfungulia mlango wa nyuma.

"Pole, mama. Mtoto ana nini?"

"Anachemka tangu jana. Asubuhi amekataa hata maji. Natafuta bodaboda, hakuna hata moja."

"Twende hospitali. Dada, endesha. Usikimbie, na usizime."

Nyuma kulikuwa kumejaa, wakasogeana. Nafasi iliyopatikana ilikuwa karibu na Abdiqani. Susu Syombua aliketi pale, mtoto amempakata, goti lake likigusa goti la kijana, na joto la yule mtoto Abdiqani akalisikia kupitia shati lake. Susu hakumtazama. Alitazama mbele, kwenye barabara, kama abiria yeyote. Laiti angetukana! Laiti angesema leso imechoka!

Ni kimya hicho kilichomfumbua Abdiqani mdomo, na maneno yaliyotoka hakuyachagua.

"Mwalimu," alimwambia mtahini, "mara ya kwanza niliposimama, uliniangusha."

Mtahini akageuka taratibu. "Kumbe ni wewe wa kuku?"

"Ni mimi."

"Sikukuangusha juu ya kusimama, kijana. Ulisimama kwa kona. Kulikuwa na lori nyuma, ilibaki kidogo itupande. Nilikuwa nakuonyesha na mkono, angalia nyuma, angalia nyuma. Hukuangalia. Na nikiita majina niwaelezee, hukuwepo."

"Sikujua."

"Leo nilikuwa naomba usimame." Alilisema bila ukali, akiwa amerudi kutazama barabara ya Kanini. "Pale ni pazuri, pana nafasi, hakuna gari. Ningekupea alama zako zote. Lakini ni mtihani, siwezi kukwambia. Na karatasi yangu haina mahali pa kuandika hiyo ingine. Umeendesha sawa. Umepita."

Wenzake wote walisikia, na safari hii hakucheka mtu. Susu Syombua pia alisikia. Alikuwa akimpepea mtoto kwa ncha ya leso, na mkono wake ulisita kidogo, kisha ukaendelea.

Hospitalini wauguzi walimpokea mtoto mlangoni. Kabla ya kuwafuata, susu alirudi kwenye gari kuwashukuru, kwa kuwa hakulelewa kuondoka bila kushukuru. Aliwapa mkono wote, mtahini, kisha Kanini ambaye alikuwa hajaamini kwamba hakuzima injini hata mara moja, kisha wale wa nyuma mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwa Abdiqani naye akampa.

"Asante, mwana wa Maalim," akasema.

Kama angempiga kofi, lingemuuma shavu peke yake.

Alirudi Tseikuru na leseni. Mama yake alipika wali kwa nyama ya mbuzi, Hani akasahau kutetea, na vijana wa stendi wakamwita dereva bila kuongeza neno. Maalim aliishika ile karatasi karibu kabisa na jicho, akaigeuza kushoto na kulia, akaomba asomewe jina. Hani akalisoma. Akaomba lisomwe tena. Nzioka aliagwa kwa shukrani na mbuzi jike.

"Sasa watu wangu watapumzika," Maalim akasema.

Abdiqani alikula huku akimtazama babake. Alitaka kumwambia. Kila mara alipofungua mdomo aliona lori la kijani na dereva anayetazama mtu usoni, akaufunga. Alifikiri, labda nitamwambia kesho. Kesho yake akasema hivyohivyo. Alisikia kutoka kwa watu kwamba mjukuu wa susu amepona, ilikuwa malaria, akashukuru Mungu kwa siri. Shukrani hiyo nayo aliionea haya, kwa maana alijua sehemu yake ilikuwa kwa ajili ya nafsi yake mwenyewe, si ya mtoto.

Siku ya soko ikafika. Maalim alikataa kubaki nyumbani. Alisema anataka kuisikia barabara yake, akapanda kiti cha mbele, kofia yake safi kichwani, mbuzi nyuma wakilalamika. Hakuona kitu zaidi ya mwanga na kivuli, lakini aliijua njia kwa makalio. Hapa kuna shimo, akasema, na shimo likaja. Hapa ni kwa kina Mutanu, na Mutanu alikuwepo, akapanda na magunia yake huko nyuma. Walisimama kwa huyu, wakasimama kwa yule. Kila mara Maalim alicheka, akauliza habari za watu, na mlango ukapigwa kofi mahali pake. Abdiqani alihesabu vituo vilivyobaki. Alijua wanakoelekea.

"Hapa mbele ni kwa susu Syombua," Maalim akasema. "Punguza. Leo ni soko, hawezi kukosa."

Hakukosa. Alikuwa amesimama mahali pake, leso mabegani, na yule mjukuu, sasa mzima, amemshika sketi. Aliliona gari tangu mbali. Abdiqani alimwona akiliona. Aliungoja ule mkono kama mtu anavyongoja hukumu, akaungoja, na mkono haukuinuka. Susu Syombua alimvuta mtoto, akarudi nyuma hatua kadhaa hadi kwenye nyasi, akayapisha magurudumu, kama mtu anavyopisha gari lisilomhusu.

Abdiqani alitazama nyuma, akawasha indiketa, akasimama mahali pazuri kabisa. Injini ikabaki inanguruma.

"Mbona tumesimama?" Maalim akauliza. "Ni yeye?"

"Ni yeye, aabo."

"Amepunga?"

Abdiqani alishika gia, akaiachia.

"Nakuuliza, amepunga? Sikusikia ukisema anapunga. Susu Syombua mimi namjua, hupunga gari likiwa bado ni vumbi." Uso wa mzee ulikuwa umegeukia mwanawe, macho yenye ukungu yakimtafuta. "Kuna nini? Amekasirika na gari langu tena?"

Susu Syombua alikuwa amesogea hadi dirishani. Alimtazama Maalim, kisha akamtazama Abdiqani kwa muda mrefu, mara ya kwanza tangu siku ile.

"Nipunge na nini, Maalim?" akasema kwa sauti ya kila siku, ya utani. "Mikono imejaa mizigo. Ya kupunga nitatoa wapi?"

Maalim akacheka, moyo wake ukashuka. "Abdiqani! Umekaa tu, na susu amesimama na mizigo? Shuka umpokee!"

Abdiqani akashuka. Alizunguka mbele ya gari, akasimama mbele ya susu Syombua, mikono ameitanguliza kama babake alivyoagiza. Mikono ya susu ilikuwa mitupu, imekunjwa tumboni juu ya leso. Mtoto aliwatazama wote wawili bila kuelewa.

"Umempokea?" Maalim akauliza kutoka ndani.

Susu alimpa Abdiqani kiwiko chake, amshike apande.

"Amenipokea," akasema.